Nimeshazalisha kumi na moja, mikono bado inatetemeka. Wakunga mliotangulia, hii hali iliisha lini?

mkunga_mtarajiwa

Habari wadau, wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa pili ukunga na hii ni wiki yangu ya tano leba, kliniki siitaji wala msiniulize, ila mpate picha tu ni ile sehemu vitanda vya kujifungulia viko vinne na kuna usiku unakuta akina mama tisa uchungu umeshakolea, wakunga wa zamu wawili, na sisi wanafunzi ambao nusu ya kazi yetu ni kutafuta glavu na kupishana kwenye korido.

Mtoto wangu wa kwanza kiukweli sikumpokea mimi, alijipokea mwenyewe. Mama alikuwa uzazi wa tano, nikaambiwa kaa naye hapo akisikia kusukuma uniite, nikasema sawa, nikaanza kuvaa glavu, ya kulia ikaingia vizuri, ya kushoto vidole viwili vikaingia kwenye nafasi moja, nahangaika nayo pale nasikia mama anasema kwa sauti ya kawaida kabisa "dada mbona kama ametoka", kuangalia kweli ametoka, mpaka kiunoni. Nikadaka miguu. Ndo namba moja hiyo kwenye lokbuku, lile daftari la kusainiwa kila mtoto ninayempokea, na sista wakati anasaini alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Wa pili mpaka wa nane walienda vizuri, wengine mkono wa sista ukiwa juu ya mkono wangu, wengine yeye kasimama nyuma yangu ananiambia tu taratibu, zuia kichwa kisitoke kwa kasi, kinga msamba, mwambie mama asisukume ahemee mdomoni. Nikaanza kujiona nimeiva.

Wa tisa ndo aliyenileta hapa. Usiku, kitanda cha pili, mimba ya kwanza, mama amesukuma karibu saa nzima amechoka hata kuongea hawezi. Kichwa kikatoka, kitovu kimezunguka shingo mara moja ila kimelegea, nikakipitisha juu ya kichwa kama nilivyofundishwa, mabega yakaja, mwili ukaja, nikamuweka tumboni kwa mama na kukawa kimya. Yaani kile kimya. Hakulia, hakujikunja, mkono ukiuinua unaanguka. Na hatua zote nazijua jamani, kwenye mdoli darasani nilipata alama zote, kausha, sugua mgongo, angalia kama anapumua, kama hapumui kata kitovu, mezani, ambu, ile bagi ya kubonyeza ya kumpa pumzi. Nazijua. Nikasimama na kitambaa mkononi. Sijui ni sekunde ngapi, kwangu ilikuwa kama zamu nzima. Sista akanisukuma kwa kiwiko, akaninyang'anya kitambaa, akakausha, akasugua, akakata, akampeleka mezani akaanza kumpa pumzi huku anahesabu kwa sauti, na baada ya muda mtoto akakohoa akalia. Dakika ya tano Apgar, zile alama za hali ya mtoto, ikawa 8 kati ya 10. Walienda nyumbani wazima wote wawili.

Alafu watu wakaendelea na kazi. Hakuna aliyenisema hata neno moja. Bora wangenisema.

Tangu siku ile kichwa kikianza kuonekana tu mikono inaanza, na sio kutetemeka kwa ndani, kunaonekana. Juzi mama mmoja kaniangalia mikono, yuko katikati ya uchungu wake, akaniuliza "mdogo wangu, anayeogopa hapa ni wewe au mimi?" Nikacheka naye ila baadaye nilienda kulia chooni.

Maswali yangu ni haya, hii hali inaisha? Nikifika namba ngapi? Na huyo wa tisa namuandika kwenye lokbuku au simuandiki, maana kumpokea nilimpokea ila aliyemfanya apumue sio mimi. Mwenzangu ananiambia we andika, namba ni namba.

zamu_ya_usiku

Pole na hongera kwa pamoja mdogo wangu. Mimi ni mkunga wa kiume, ndio, tupo, na mwaka wangu wa kwanza watu walidhani natetemeka kwa aibu kumbe ni woga huuhuu wa kwako.

Hilo la namba usilifuate sana. Nchi za Umoja wa Ulaya sheria yao inataka mwanafunzi awe amezalisha si chini ya 40, wakikosekana akina mama wa kutosha inashuka mpaka 30 ila ashiriki na wengine 20, na kwingine wana hesabu zao, ila aliyeweka 40 hakuweka kwa sababu ukifika wa 41 moyo unatulia. Mimi nilitulia kwenye thelathini na kitu. Nikachangamka, nikaanza kuongea leba kama nimezaliwa humo, na hapo ndo nilikaribia kuua.

Mama kajifungua vizuri, mtoto kalia, nina oksitosini kwenye sindano, yuniti 10, nataka kuichoma paja ndani ya ile dakika moja ili damu isije ikamtoka nyingi. Nimeshapaka spiriti. Kuna mkunga mtu mzima alikuwa kitanda cha pembeni, wala hakuwa na mimi, akanyoosha mkono akanishika kifundo akasema, umeshika tumbo? Sijashika. Shika. Nikashika. Kulikuwa na mtu humo ndani. Pacha ambaye hakuna aliyejua yupo, kliniki zote alizohudhuria mama aliandikiwa mtoto mmoja. Ningechoma ile dawa mfuko wa uzazi ungebana kwa nguvu mtoto yuko ndani, hewa ingemkatikia, na mfuko wenyewe ungeweza hata kuchanika, sitaki kuendelea. Alitoka kama robo saa baadaye, miguu kwanza, mzima. Mama wa watu alikuwa na nguo za mtoto mmoja tukaanza kutafuta kitambaa.

Ninachotaka kukwambia ni kwamba siku ile mikono yangu ilikuwa imetulia tuli. Haitetemeki hata chembe.

jembe_halisi

Kama unatetemeka hamia famasi, dawa hazilii.

mama_D

@jembe_halisi na wewe aliyekupokea alikuwa ametulia? Tuanzie hapo.

bibi_wa_leba

Mwanangu mkunga_mtarajiwa, nina miaka 31 kwenye kazi hii na hii miwili ya mwisho nafundisha zaidi kuliko kuzalisha maana magoti yamegoma. Nimesoma yako mara mbili.

Hukuganda kwa kutojua. Uliganda kwa sababu ulikuwa unasubiri alie. Kwenye watoto mia waliotimiza miezi kama 85 wanaanza kupumua wenyewe ndani ya nusu dakika, kumi hivi wengine wanaanza ukiwakausha na kuwasugua, na hao wachache wanaobaki ndo wanataka ambu. Kwa hiyo wale wanane wa kwanza walikudanganya, walikuzoesha kwamba kazi ya mtoto ni kulia na kazi yako ni kufurahi. Wanafunzi wangu nawaambia kila anayekuja ni yule asiyelia mpaka athibitishe mwenyewe. Kausha hata kama anapiga kelele mpaka korido wanasikia. Mkono ukishazoea kukausha kila mtoto hauji kukuuliza siku ya kimya, unaenda wenyewe, na ukikausha tayari umeshaanza kumhudumia, akili itakuja ikukute mbele.

Na ile dakika ya kwanza, tunayoiita ya dhahabu, wengi wanadhani inaanza mtoto akitoka. Inaanza mama akipanda kitandani. Ambu iko wapi? Umeibonyeza ukaziba tundu lake na kiganja ukasikia inakataa, au umeiona tu inaning'inia ukasema ipo? Barakoa ya mtoto aliyetimia na ya njiti zote zipo? Vitambaa viwili, cha kwanza cha kukaushia kikilowa unatupa, cha pili cha kumfunika, mtoto aliyelowa anapoa upesi mno. Kofia. Mkasi na klampu ya kubana kitovu unajua viko upande gani bila kugeuza kichwa. Saa ya ukutani unaiona ukiwa umesimama hapo? Msiniambie leba imejaa hamna muda, hayo yote ni dakika tatu, na ukiwa unayafanya mikono inapata shughuli. Mikono isiyo na shughuli ndo inayotetemeka.

Ukifika kumpa pumzi, hesabu kwa sauti kama huyo sista wako, pumzi kama 40 kwa dakika, macho kifuani kwa mtoto, usiangalie bagi. Kifua hakipandi? Kilaze kichwa vizuri, shingo isikunjwe wala isivutwe nyuma sana, bandika barakoa upya, angalia mdomoni kama kuna ute, jaribu tena. Nimeona watu wazima wanabonyeza kwa nguvu zote mpaka mishipa inawatoka na hewa yote inapita pembeni ya shavu.

Sasa hapa ndo nina ugomvi na wewe. Umesema kazi yenu ni kupishana korido. Mwanafunzi kwenye leba yenye vurugu anaitwa kwenye kichwa, anakuta kichwa kiko mlangoni, anapokea, anasainiwa, anaitwa kingine. Mwaka mzima hivyo. Utajua kudaka, kuzalisha hutajua. Muombe msimamizi wako, kwa adabu, hata zamu moja kwa wiki ukabidhiwe mama mmoja tangu njia iko sentimita tano mpaka masaa mawili baada ya mtoto kutoka. Usikilize mapigo ya mtoto kila nusu saa, mama akianza kusukuma kila dakika tano. Usikie yalivyo yakiwa 140 kwa dakika yametulia, alafu siku moja usikie yanashuka chini ya 110 baada ya uchungu kupita na yanachelewa kurudi, ukisikia mara moja kwa sikio lako hutahitaji kukumbushwa tena. Weka kiganja tumboni dakika kumi nzima uhesabu uchungu unakuja mara ngapi na unakaa sekunde ngapi. Kile kiganja kinajifunza kitu ambacho mimi siwezi kukuandikia hapa.

Huyo wa tisa, mama amesukuma karibu saa nzima. Nakuuliza bila kukulaumu, nani alikuwa anasikiliza mapigo? Mara nyingi asiyelia alishatuambia mapema, tulikuwa korido.

Na mama mwenyewe. Wote mkikimbilia mezani kwa mtoto mama anaachwa peke yake na kondo bado liko ndani. Mtu mmoja abaki naye, hata kama ni wewe mwanafunzi, na ukibaki usivute kitovu kwa haraka yako. Subiri dalili, kitovu kinarefuka chenyewe, damu kidogo inatoka ghafla, mfuko unapanda juu na kuwa wa duara, na unapovuta mkono mwingine uwe juu ya kinena unazuia mfuko usikufuate. Alafu angalia damu, na usiliamini jicho lako, damu inajificha kwenye vitambaa, chini ya makalio, sakafuni. Kuna utafiti wa E-MOTIVE ulitoka 2023, ulifanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, waliweka mfuko wenye vipimo chini ya mama badala ya kukisia, na ikionekana damu imezidi tiba zinatolewa zote kwa mkupuo, kuchua mfuko, oksitosini, dawa ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, dripu, kumkagua kama kachanika, haisubiriwi hii ishindwe ndo iletwe ile. Matatizo makubwa ya damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zenyewe ni zilezile tulizokuwa nazo kwenye kabati siku zote, hilo ndo linaniuma.

Lokbuku, muandike. Ila uandike kilichotokea: nilimpokea, hakupumua, mkunga msimamizi alimsaidia kwa ambu, mimi nilishuhudia. Mwenzako anayesema namba ni namba mwambie mimi nimekaa kwenye meza ya kuwahoji wanafunzi, aliyeandika arobaini zote "mama na mtoto wazima, hakuna tatizo" huyo ndo tunamuuliza maswali marefu.

mama_D

Mimi sio mkunga, ni mama wa watatu, naingia hapa kwa sababu wa kwanza wangu alipokelewa na mwanafunzi na sijawahi kupata pa kulisema hili.

Yule binti kila alichotaka kufanya aliniambia kwanza. Dada nitakupima njia sasa, kutakuwa na baridi, ukiumia niambie nisimame. Dada nakuwekea kitambaa cha vuguvugu hapa chini, kitasaidia usichanike sana. Kuna muda nilimpigia kelele maneno ambayo siwezi kuyaandika, akanijibu "sawa dada". Sawa dada! Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka? Sikumbuki kabisa, nilikuwa na shughuli zangu.

Wa pili nikapata mtu mzoefu, sehemu nyingine, mikono imetulia, haongei. Nilipochoka kusukuma akaweka kiwiko juu ya tumbo langu akanilalia na uzito wake wote mtoto atoke. Hakuniuliza, hakuniambia. Mbavu ziliuma wiki mbili, na yule mtoto sasa anasoma darasa la tatu lakini mtu akinigusa hapo juu ya tumbo ghafla nashtuka.

Kwa hiyo mdogo wangu wewe tetemeka tu ila ongea na mtu.

bibi_wa_leba

@mama_D pole sana mwanangu. Kulalia tumbo Shirika la Afya Duniani lilishasema kwenye miongozo yake ya 2018 kwamba halishauriwi kumsaidia mama kusukuma, na kumkata msamba kila mama kwa mazoea nalo halishauriwi. Bado watu wanafanya na wanafunzi wanaona wanadhani ndo ujuzi.

lokbuku_tupu

Jamani naomba nichomekee hapahapa na mimi ni mwanafunzi. Nilipo mimi patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu unavyoenda, tunaambiwa tujaze mtoto akishatoka, maana wakati wa kazi hamna anayeshika kalamu. Basi ukiziangalia zote zinafanana, njia imefunguka sentimita moja kila saa imenyooka kama imepigwa rula, mapigo 140 140 140 mpaka mwisho. Afu darasani tunafundishwa ile mpya inayoanzia sentimita tano, wodini zimejaa zile za zamani zinazoanzia nne. Nifuate ipi, na hii ya kujaza baadaye nikikataa sijui itakuwaje.

jembe_halisi

Jaza. Kila mtu anajaza. Ukikataa hawakusainii, utabaki na lokbuku tupu kama jina lako.

zamu_ya_usiku

@lokbuku_tupu ngoja nikueleze ile karatasi ilitoka wapi maana mimi nilipojua ndo niliacha kuichukia. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Friedman, ndo alichora mstari wa jinsi njia inavyofunguka kulingana na muda. Alafu 1972 Philpott na Castle, Rhodesia, sahivi Zimbabwe, wakaongeza mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, imepishana masaa manne. Sababu yao ilikuwa wakunga walioko kwenye vituo vya mbali huko wako peke yao, dokta hayupo, waweze kuona mapema kwamba huyu mama haendi wampakie gari kabla mambo hayajaharibika. Yaani ni karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkunga aliye peke yake usiku. Sasa wewe unaijaza mtoto ameshatoka, ni sawa na kwenda kusimika kibao cha kona kali gari likiwa limeshapinduka.

Ya zamani au mpya, tumia iliyopo wodini ila ielewe vizuri. Ile ya 2020 inaanzia tano na ule mstari wa sentimita moja kwa saa imeutoa, kwa sababu ilionekana akina mama wengi wanaenda taratibu kuliko hivyo na wanajifungua salama, tukawa tunawaharakisha bure. Halafu inakuuliza na vitu ambavyo sisi hatukuwa tunaandika, mama ana mtu wa kukaa naye? Amekunywa chochote? Yuko mkao gani? Mwanzoni niliona mbwembwe, sasa hivi ndo vitu vya kwanza naangalia.

Kuhusu kujaza baadaye, usigombane na mtu. Sema hivi: "Sista, mimi huyu mama nilimkuta saa nane, naomba nianzie saa nane." Basi. Unaanzia saa nane, juu unaacha wazi, pale ambapo hamkupima andika haikupimwa. Nimeitumia sentensi hiyo nikiwa mwanafunzi zaidi ya mara kumi na hakuna aliyeninyima saini, mmoja tu alinuna.

jembe_halisi

Sawa mkuu. Mimi nilimaliza miaka sita iliyopita. Nilijaza za rula nyingi tu. Kuna moja mapigo niliandika 140 mpaka mwisho na hakuna aliyekuwa amesikiliza kwa masaa matatu, na mtoto hakulia, na karatasi ndo hiyo ikaenda kusomwa kwenye kikao. Ikaonekana hakuna tatizo lolote mpaka dakika ya mwisho, hivyo hakuna aliyeulizwa kitu.

Famasi ndo niliko sahivi.

bibi_wa_leba

Mwanangu.

Usikae nalo peke yako hilo. Niandikie pembeni.

mkunga_mtarajiwa

Narudi wadau, ni wiki mbili zimepita samahani kwa ukimya, zamu zimenibana. Nimesoma kila mtu, nyingine nilikuwa nasoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Kwanza nilijikaza nikamuuliza sista kuhusu yule wa tisa, kwamba mbona hukunisema. Akaniuliza wa tisa yupi? Nikamweleza, kitanda cha pili, kitovu shingoni, akafikiria weee, akasema aah, yule, kwani si alilia? Alikuwa amesahau! Mimi silali yeye amesahau, maana palepale kitanda cha nne kulikuwa na mwingine anatokwa damu akakimbilia huko. Ila akaniambia jambo moja, kwamba alinipa nafasi kidogo nianze, alipoona sianzi ndo akanisukuma, na kwamba kosa lake lilikuwa hakunirudisha mezani tukarudia wote na mdoli siku ileile. Basi juzi tumerudia, mara kumi na mbili, na ile ambu tuliyokuwa tunaiona inaning'inia pale kila siku nilipoiziba na kiganja ikapitisha hewa. Imepasuka pembeni. Ilikuwa imekaa hivyo hatujui tangu lini, ya kitanda cha pili ndo ilikuwa nzima. Imebadilishwa.

Nikaomba mama mmoja. Nilikabidhiwa wa mimba ya kwanza, nilikaa naye masaa tisa, mdogo wake naye alikuwepo anamkanda mgongo. Nimesikiliza yale mapigo mpaka nayasikia kichwani nikiwa nyumbani. Kwenye kusukuma yakashuka, nikahesabu 100, nikahesabu tena 96, nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo, tukamlaza ubavu, yakarudi taratibu, baada ya muda mtoto akatoka na akachelewa kidogo. Nikakausha. Sikumbuki kuamua kukausha, nilijikuta nakausha, na akalia nikiwa kwenye mgongo.

Mikono ilitetemeka, nisiwadanganye. Ilisubiri mtoto ametoka analia ndo ikaanza, klampu ikanishinda kufunga, mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia hamna dada ni mikono yangu tu, akasema "basi pole". Namba kumi na nne hiyo.

Wa tisa nimemuandika kama bibi alivyosema. Sista alisaini bila kusoma.

@jembe_halisi nimekutumia ujumbe, ukipata nafasi.

Kuna mtu kaniuliza pembeni kuhusu kushona mama akichanika, kwa kweli kushona bado nashikilia taa tu, nikianza nitakuja kukufungulia uzi wake. Naingia zamu.